Utepe wa Sentimita

Nimempima kila mwanamke wa Rivière-Salée:
kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.
Shingo sikuwa na desturi ya kuipima.
Gauni letu la misheni huanguka toka mabegani
kama pazia, halimuulizi mtu ana kilo ngapi,
ndiyo maana tunalipenda.

Mama alikuwa na kovu chini ya koo,
jembamba, limenyooka.
Nililidhani upindo, pale Mungu alipomalizia kushona.
Nilipokuwa na miaka sita nilitaka la kwangu,
nikajichora kwa chaki ya fundi.
Alinifuta kwa mate na kidole gumba.
Hakucheka.

Mwezi wa nne dada yangu Zipora
alikuja kushonewa gauni la harusi ya binti yake.
Akameza chai, nikaona kitu kikipanda na kushuka,
kama kifungo kilichoshonwa upande usio wake.
Sikusema. Nilimpa chai nyingine
nipate kukiona tena.

Hospitali walimpima uzito kabla ya kumuuliza jina.
Daktari Thévenin, kijana, viatu safi,
alichora dundumio nyuma ya karatasi ya dawa:
tezi iliyokaa juu ya koromeo
kama tai iliyofungwa haraka.
Akasema, unene huongeza hatari. Kidogo.
Akasema, na damu ya ukoo huongeza.
Akasema, kwako wewe sijui kipi kimeongeza nini.
Kwa hilo la tatu nilimpenda.

Zipora alitoka mlangoni ameshajihukumu.
"Ni bunya," alisema. "Viazi vikuu, kuku, tui zito,
vyote ndani ya majani ya mgomba,
kila Jumapili, miaka arobaini.
Nimejila mwenyewe."

Na Eseta je? nikamuuliza.
Shangazi yetu wa Lifou, mkavu kama ufito,
aliyepenya penye ua bila kugeuza ubavu.
Naye walimpasua koo, mwaka ule nilioolewa.
Na Wasinemu jirani, anayeingia mlangoni kwa upande,
miaka themanini na miwili, sauti ya kwanza kanisani,
shingo laini kama sabuni mpya?

Damu nzito kuliko maji, twasema.
Hakuna aliyesema nzito kwa kilo ngapi.

Usiku nilitandaza mezani karatasi ya kukatia,
ile niliyorithi kwa mama, kingo zimeliwa na mende.
Humo nimekata magauni mia tatu.
Kitambaa kizito huvuta mshono, sikatai.
Lakini kosa lililo kwenye karatasi
hufumuka hata kwenye hariri.
Na liko gauni lililokuwa na vyote viwili,
uzito na kosa,
likavaliwa, likafuliwa, likazikwa na mwenyewe
bila uzi mmoja kuchomoka.
Mbele ya hilo fundi hufunga mdomo.

Walimpasua Juni. Wakaitoa tezi yote.
Sasa sikia kinyaa cha mambo:
tezi ilipoondoka, uzito ukaja.
Kilo sita, kabla kidonge cha asubuhi
hakijapata kipimo chake.
Alilia jikoni kwangu, kwa hilo, si kwa saratani.
Nikamvika gauni. Likamkaa.
Halikuuliza.

"Nipunguzie kola," akasema.
Nikakata vidole viwili. Akataka cha tatu.

Harusini watu waliangalia kovu,
kisha wakaangalia shingo ya bibi harusi,
haraka, kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

Jumanne nitakwenda naye, Mireille, binti yetu.
Watampaka jeli baridi, watampitishia mashine,
kisha zamu yangu.
Leo nimemzungushia utepe: thelathini na mbili.
Mimi thelathini na nane.
Nimeziandika daftarini, chini ya nyonga na kiuno,
namba mbili tu,
wala sijui ninazishonea nini.